Mama Chembe na Hadubini ya Chumba Namba Saba

Dada yetu tunayemzika leo alizaliwa Jumatatu, tarehe 3 Agosti 1964, mtoto wa kwanza kati ya wawili wa fundi seremala na mke wake aliyeuza maziwa. Mtoto wa pili ndiye anayesoma maneno haya. Yeye ni fundi wa mawe, na anaomba radhi mapema kwamba hatayasoma kwa sauti ya upole. Marehemu mwenyewe hakuwa mpole. Tangu Jumanne watu wamefika nyumbani wakisema alikuwa mpole kama maji ya mtungini, na familia imewashukuru, ikawapa viti, ikanyamaza. Ukweli ni kwamba alikuwa mtu wa hasira. Hakuwa na kinyongo wala matusi, na hakuwahi kuinua mkono juu ya mtoto. Lakini akiambiwa jambo lisilo kweli, masikio yake yalibadilika rangi, na hapo hata mama yetu alikuwa anasogeza vikombe pembeni.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971. Kisa kinachokumbukwa ni cha mwaka 1976, akiwa darasa la sita. Nyumbani alikuwa amewasikia wateja wa mama wakisema kuwa maziwa yaliyotiwa maji yanajulikana kwa ubuluu wake, na jambo hilo likamkaa kichwani. Akamuuliza mwalimu wa sayansi: maziwa ni meupe, maji hayana rangi, huo ubuluu unatoka wapi? Mwalimu akamwambia maziwa ni meupe, akae chini. Hakukaa. Alisimama mpaka kengele ilipolia.

Kesho yake alikwenda na bilauri ya maji, kijiko cha maziwa na tochi ya baba. Akafunga madirisha, akatia tone la maziwa ndani ya maji, akamulika. Waliosimama ubavuni mwa bilauri waliona rangi ya buluu. Waliosimama mbele, wakitazama tochi kupitia maji yale, waliona rangi ya chungwa. Darasa zima likajazana mezani. Mwalimu akaona ameaibishwa, akamfukuza kwa wiki nzima. Baba yetu hakuwa msemaji. Aliweka randa chini, akaenda shuleni na vumbi la mbao likiwa bado mikononi, akauliza swali moja tu: alichokionyesha mtoto ni uongo? Mwalimu akakiri kwamba si uongo. "Basi arudi darasani," baba akasema, na akarudi siku hiyohiyo.

Alimaliza sekondari mwaka 1981. Akajiunga na chuo cha wataalamu wa maabara mwaka uliofuata, na mwaka 1985 akahitimu akiwa wa kwanza kati ya thelathini na wanne. Tarehe 1 Julai mwaka huo aliajiriwa katika idara ya sayansi ya chuo alichokitumikia mpaka alipougua. Alikuwa mtu wa maabara, si mhadhiri. Kazi yake ilikuwa kuandaa vifaa, kuosha lenzi, kupima dawa, kuwaonyesha wanafunzi namna ya kushika kioo bila kuacha alama ya kidole, kisha kukaa kimya nyuma ya chumba wakati mwenye digrii anaeleza. Wanafunzi walijua ni nani wa kumuuliza. Wao ndio waliompa jina la Mama Chembe.

Jina hilo lilitokana na kazi aliyoipenda kupita zote, na familia inaieleza hapa kama alivyomweleza mdogo wake, ambaye kwake kitu kidogo ni kokoto. Kuna chembe ndogo mno, alisema, ambazo hata hadubini nzuri haizioni, maana ni ndogo kuliko kile ambacho lenzi inaweza kukichora. Lakini ukipitisha mwanga mkali ubavuni mwa tone la maji, ukatazama kutoka juu, na nyuma kote kukawa giza, kila chembe inautawanya mwanga ule, na wewe unaona nukta inayometa. Umbo lake hulioni. Unaona mwanga ilioutupa. Tena nukta hiyo haitulii. Maji yanaisukumasukuma bila kuchoka, na kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo inavyochachawa zaidi. Ukiifuata kwa kamera, picha kwa picha, ukapima imehama kiasi gani, unajua ukubwa wake. Aliwahi kuifuata chembe moja dakika kumi na moja bila kuipoteza, na siku hiyo alikuja nyumbani akiimba, jambo lililowashtua majirani.

Tarehe 10 Desemba 1988 aliolewa na mpiga chapa wa mtaa wa pili, mtu mrefu, mcheshi, mwenye wino kwenye kucha ambao haukutoka hata siku ya harusi. Shemeji huyo ndiye pekee aliyeijua dawa ya hasira za mke wake: alikuwa anamwachia aseme mpaka mwisho, kisha anauliza, "Sasa hayo tuyachape nakala ngapi?" Wakajaliwa binti mwaka 1990 na mtoto wa kiume mwaka 1993. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu na stoo, na kila aliyefika alipewa kiti kabla hajaulizwa shida yake.

Jumatatu ya tarehe 20 Aprili 2009 chuo kilipokea msaada wa hadubini mpya, yenye leza na kamera, iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo ya kuzifuata chembe. Iliwekwa Chumba Namba Saba. Fundi wa watengenezaji alikaa siku nne kumfundisha marehemu, na mwishoni akamwambia hana la kuongeza. Marehemu akatia saini fomu ya makabidhiano kama mwenye dhamana ya kifaa. Fundi akapanda ndege. Ijumaa hiyo jioni Mkuu wa Idara aliifunika hadubini kwa nailoni, akafunga chumba, akautia ufunguo kwenye mkufu mmoja na funguo za gari lake.

Marehemu alidhani ni kwa ajili ya wikendi. Jumatatu alipouomba ufunguo, Mkuu wa Idara alimwambia asubiri mpaka utaratibu wa matumizi upitishwe. Utaratibu haukupitishwa. Kilichofuata kilikuwa njoo kesho, njoo wiki ijayo, njoo baada ya mahafali. Chumba kilikuwa kinafunguliwa wakija wageni. Wageni waliingia, wakapiga picha mbele ya nailoni, wakatia saini daftari la kila anayeingia, lililoning'inizwa mlangoni kwa kamba, wakaenda kunywa soda. Siku moja marehemu alimfuata Mkuu wa Idara mpaka kwenye gari. Yule bwana akamwambia kwa upole, kama anayembembeleza mtoto:

"Mama, kifaa hiki ni cha watu. Kikiharibika nitawaambia nini?"

"Utawaambia kilifanya kazi," marehemu akajibu.

Mwaka 2011 figo za shemeji yetu zilishindwa. Akawa anakwenda hospitali mara tatu kwa wiki kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Mwishoni mwa Agosti alianza kurudi akitetemeka, meno yakigongana, homa imempanda, akifunikwa mablanketi mawili mchana wa jua kali. Marehemu akawauliza wagonjwa wenzake wa mumewe katika chumba cha mashine. Walikuwa tisa, na sita kati yao walikuwa wanatetemeka vivyo hivyo. Akaomba kuona vipimo vya maji yanayotumiwa na mashine. Vipimo vilikuwa safi: maji yamewekwa kwenye sahani za kuoteshea vijidudu, hakuna kilichoota. Yeye akaelewa mara moja. Vijidudu vilivyokufa haviwezi kuota, lakini vipande vyake vikiingia kwenye damu vinaleta homa, na vipande hivyo ni vidogo mno kwa hadubini ya hospitali. Kifaa pekee katika mji mzima kilichoweza kuviona kilikuwa chini ya nailoni, Chumba Namba Saba.

Tarehe 5 Septemba aliandika barua ya kwanza. Aliomba chumba kwa saa mbili. Akajibiwa kwamba kifaa si cha matumizi ya binafsi. Akaandika ya pili, akaambatanisha barua ya daktari. Akajibiwa kwamba ombi litapelekwa kwenye kamati. Ya tatu haikujibiwa. Mhudumu wa ofisi alimnong'oneza kwamba kamati yenyewe haijawahi kuundwa.

Hapo ndipo alipokwenda kwa mdogo wake karakanani. Hakuomba pole wala ushauri. Alisema anataka jiwe zito, lililonyooka, lisilotikisika. Akapewa kipande cha marumaru kilichokatika kwenye kaunta ya mteja, na watu wanne wakakibeba mpaka stoo ya nyumba yake. Akakilaza juu ya mipira minne ya ndani ya matairi iliyojazwa upepo nusu, ili mtikisiko wa magari barabarani usikifikie. Juu yake akaweka hadubini ya zamani aliyoazima shule ya sekondari. Ubavuni akafunga leza, ile tochi ndogo ambayo wahadhiri wanaitumia kuonyesha ubaoni. Kamera aliivua kwenye kompyuta ya mtoto wake. Madirisha akayaziba kwa mablanketi. Ikawa giza saa sita mchana, na joto la kutosha kuoka mkate.

Wiki tatu alihangaika. Kwanza nukta zilijaa kila mahali, na kosa likawa la kioo chake mwenyewe. Akaosha, akarudia. Kisha nukta zote zikawa zinaelea upande mmoja kama watu wanaokimbilia mlango, akagundua leza inayapasha maji joto. Akapunguza, akarudia. Mdogo wake alikaa naye Jumapili moja, akashuhudia anavyofanya kazi: hapumui juu ya kioo, haongei, anahesabu kwa midomo. Alipopata maji safi kabisa na kwenye skrini hakuna kitu isipokuwa weusi, alisema, "Sasa naweza kuamini macho yangu."

Ndipo akaweka maji ya hospitali, yale yaliyokwisha kupita kwenye chujio, maji ambayo yangepaswa kuwa meusi vilevile. Skrini iliwaka. Mamia ya nukta, ndogo, zinachachawa kama zimemwagiwa maji ya moto. Mdogo wake akasema ni nzuri. Dada akamgeukia kwa sura ambayo mdogo wake hajaisahau. "Hizo zinaingia kwenye mshipa wa shemeji yako," akamwambia.

Alizifuata nukta mia mbili na arobaini, moja moja, akaandika ukubwa wa kila moja. Tarehe 28 Oktoba alimpelekea fundi mitambo wa hospitali karatasi zake na picha zinazotembea. Fundi huyo, ambaye yuko nasi leo na familia inamshukuru, hakumuuliza ana digrii gani. Jumatatu ya tarehe 31 alifungua chujio, akakuta mpira wa kuzibia umepasuka upana wa ukucha. Akabadilisha mpira, akasafisha mabomba. Wiki hiyo hakuna aliyetetemeka.

Tangu barua ya kwanza mpaka siku mpira ulipobadilishwa zilipita siku hamsini na sita. Katika siku hizo walifariki wagonjwa wawili wa chumba kile, mwalimu wa hesabu na mama mmoja mshonaji. Familia haisemi ni maji yaliyowaua. Walikuwa wagonjwa sana, na hakuna aliyepima. Marehemu pia hakulisema. Lakini alihudhuria mazishi yote mawili, akasimama mwisho wa umati. Shemeji yetu aliishi miaka minne zaidi. Alifariki tarehe 2 Juni 2015, mikononi mwa mke wake, bila homa.

Jumatano ya tarehe 17 Oktoba 2018 wakaguzi wa vyuo walifika na kutaka kuona hadubini ikifanya kazi. Safari hii picha mbele ya nailoni haikutosha. Nailoni ikaondolewa. Ndani kulikuwa na harufu ya nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Miaka tisa ya unyevu iliyofungiwa humo ilikuwa imeotesha kuvu ndani ya lenzi, nyuzi nyeupe zimetanda kama mizizi, na kuvu ikisha kula kioo hakuna fundi wa kukirudisha. Leza haikuwaka. Mkaguzi mmoja akauliza nani mwenye dhamana ya kifaa. Mkuu wa Idara akafungua faili, akatoa fomu ya mwaka 2009, akaonyesha saini.

Tarehe 9 Novemba marehemu alipewa barua ya onyo kali. Ilisema kifaa kiliharibika kutokana na uzembe na matumizi mabaya ya mtaalamu mwenye dhamana. Aliondolewa kwenye maabara ya wanafunzi, akapelekwa chumba cha kuoshea vyombo. Mwanamke aliyekuwa anaweza kuona kitu kidogo mara mia tano kuliko unywele alipewa brashi na ndoo.

Mdogo wake alitarajia atapiga kelele. Hakupiga. Alimwambia hasira hii ni kubwa, haiwezi kupita mdomoni. Wakati wa chakula cha mchana alifungua kamba ya lile daftari la wageni mlangoni, akavuka barabara, akatoa kopi kurasa zote kwenye duka la madaftari, akarudi na kulifunga palepale. Daftari lina saini za wageni sitini na watatu katika miaka tisa. Jina la marehemu limo mara nne, zote ni za Aprili 2009, siku alizofundishwa. Akaandika utetezi wa kurasa saba, akaambatanisha kopi, akaupeleka kwa mkono. Mwezi wa Januari daftari lenyewe halikuonekana tena mlangoni. Utetezi haukujibiwa, mwaka huo wala uliofuata. Kila mwezi wa Machi alikuwa anakwenda masijala kuuliza. Wale mabinti wa masijala walimheshimu, wakampa kiti, wakamwambia faili liko juu.

Wakati huo ndipo shinikizo la damu lilipoanza. Tarehe iliyo kwenye kadi yake ya kliniki ni 3 Desemba 2018. Daktari alimshauri apunguze hasira. Akamjibu, "Daktari, niambie nipunguze chumvi, hiyo naiweza." Alimeza dawa bila kukosa. Alitembea kilomita mbili kila asubuhi. Vyombo aliviosha hivi kwamba wanafunzi walikuwa wanakwenda kumwomba awaonyeshe, naye akawa anawafundisha pale pale sinkini, mikono ikiwa na povu. Watatu kati yao leo wanafanya kazi ya kufuatilia chembe katika maabara kubwa, na mmoja ameandika kwenye tasnifu yake kwamba alifundishwa na mwoshaji vyombo. Marehemu aliusoma ukurasa huo mara nyingi. Alisema kijana ameandika ukweli, ila hakupendezwa.

Ijumaa, tarehe 12 Januari 2024, alianguka kazini kwa kiharusi. Upande wa kulia ulikufa na ulimi ukafunga. Miezi miwili alilala wodini, akili yake nzima kabisa, macho yakifuata kila mtu. Binti yake alimletea ubao mdogo na chaki, naye akajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Siku za kwanza aliandika majina ya wajukuu. Baadaye, kila mdogo wake alipoingia, alikuta neno moja limekwisha kuandikwa, herufi zimepinda: Barua? Alikuwa anauliza kama wamejibu. Mdogo wake aliwahi kufikiria kumdanganya. Angesema wamejibu, wameomba radhi, yamekwisha. Alifika mpaka kitandani na uongo ukiwa tayari mdomoni, akamtazama dada yake machoni, akashindwa. Akasema bado. Marehemu akafuta ubao kwa kiganja, akageukia ukutani.

Alifariki Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Binti yake alikuwa amemshika mkono.

Ameacha binti, ambaye ni mkunga, mtoto wa kiume, fundi umeme, wajukuu watatu, mama mkwe wake mwenye miaka themanini na nane, aliyemwita mwanangu na si mkwe, mawifi wawili, mdogo wake mmoja, na wanafunzi ambao familia haiwezi kuwahesabu.

Idara imetuma salamu za rambirambi, na imeomba zichapwe katika ratiba hii. Zinasema marehemu alikuwa nguzo ya idara. Idara imeomba pia kwamba wasifu usiguse mambo ya ofisini, kwa kuwa si mahali pake. Familia ilikaa, ikalitafakari ombi hilo, ikalikataa. Mkuu wa Idara amealikwa, na kiti chake kipo safu ya pili. Kopi ya daftari la wageni iko mezani pale mlangoni, kando ya kitabu cha rambirambi. Atakayetaka asome na ahesabu mwenyewe.

Barua ya onyo bado imo kwenye faili la marehemu. Jumatatu, tarehe 18 Machi, saa tatu asubuhi, familia itakuwa mlangoni kwa Mkuu wa Chuo kuomba iondolewe, na itarudi kila Jumatatu mpaka iondolewe. Fundi mitambo amesema atakuja. Wanafunzi wake wamesema watakuja. Mama mkwe amesema abebwe na kiti chake.

Mwenyezi Mungu ampokee dada yetu na kumlaza pema. Siku barua hiyo itakapofutwa, mdogo wake atarudi kaburini kwake, atapiga magoti, na atamwambia kwa sauti.